Mgeni wa Sanaa Shuleni: Anakula Sahani ya Nani?

Huku kwetu, tangu Kavimvira mpaka Kalundu, na kushuka kando ya ziwa mpaka Makobola na Baraka, mgeni hafukuzwi mlangoni. Hata nyumba yenye shida hutafuta ndagala kidogo za kumpikia. Methali tunayoijua wote inasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Na nyingine inafuata: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ya kwanza inatufundisha kwamba mgeni analeta kitu ambacho nyumba haikuwa nacho. Ya pili inatukumbusha ya kwamba mgeni akikaa, anaingia katika kazi na katika sheria za nyumba. Wazee walituachia zote mbili kwa sababu moja peke yake haitoshi.

Katika maandiko haya ninataka tuongee juu ya mgeni wa namna moja: mtu wa muziki, wa uchoraji ao wa maigizo, anayekuja shuleni kufanya kazi na watoto wetu kwa siku chache, kisha anaondoka. Siku hizi wanakuja wengi. Wengine wanatoka Kinshasa, Bukavu ao Bujumbura, wengine Ulaya. Swali langu ni la kimaadili, wala si la programu ya masomo. Ninauliza: huyu mgeni ni mtoaji ao ni mchukuaji? Na sisi wenyeji, tunampa nini, na je, tunachompa ni chetu?

Sikulipata swali hili katika vitabu. Nililetewa na mama mmoja, asubuhi, mbele ya biro ya prefe. Acheni nisimulie.

Wimbo wa mama

Mimi ni mwalimu. Mwaka wa 2022 shule moja ya hapa mjini, ambayo sitaitaja, ilipokea wanamuziki wawili. Walikaa nasi siku nane. Walileta magitaa matatu, mikrofoni, na kompyuta ndogo ya kunasia sauti. Wanafunzi kama thelathini wa sekondari walichaguliwa, na mimi nikapewa kazi ya kuwasimamia. Ninasema kweli: zilikuwa siku za furaha. Watoto walifika mapema kabla ya kengele. Hata wale ambao kila siku tunawaita wavivu walibaki mpaka jioni.

Wageni walitaka wimbo mmoja wa pamoja, na wakachagua neno “maji”. Kila mtu wa Uvira anajua sababu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabeba nyumba, ukaua makumi ya watu na kuacha maelfu bila pa kulala. Basi wageni wakaomba kila mtoto alete kitu kutoka nyumbani: neno, hadithi, ao sauti.

Msichana mmoja wa mwaka wa tatu aliimba wimbo mfupi wa kubembelezea mtoto. Mama yake alikuwa akimwimbia mdogo wake wa mwisho. Huyo mdogo alichukuliwa na maji ya Mulongwe. Alipomaliza, chumba kilinyamaza. Mgeni mmoja alikuwa amefunga macho. Akasema: hii ndiyo, hii itakuwa kiitikio chetu. Msichana akanigeukia mimi, siyo mgeni, akasema kwa sauti ya chini: “Mwalimu, hii ni ya mama.” Mimi nikamjibu: “Imba tu, wageni wanangoja.”

Maneno manne. Wakati ule niliona ni maneno ya kumtia moyo.

Siku ya Jumamosi onyesho lilifanyika, wazazi wakapiga makofi, wakubwa wa mji wakatoa hotuba. Wageni wakaenda. Baada ya majuma machache wimbo ulikuwa katika simu za vijana, ukapita kutoka simu hadi simu, ukafika sokoni na kwenye moto wa wanamotari. Ndipo mama akaja. Hakuwa amehudhuria onyesho. Alikuwa ameusikia wimbo barabarani, akiwa na kikapu kichwani.

“Mwalimu, ule wimbo mulitoa wapi?”

Nikamweleza mambo ya wageni, ya onyesho, ya karatasi ambayo shule ilitia sahihi.

“Mimi siko na kelele na mutu. Minauliza tu, nani aliwapa?”

Nikasema ni binti yake.

“Mutoto angeweza kukatala mbele ya mwalimu wake?”

Sikuwa na jibu. Akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akasema neno moja la mwisho: “Muurudishe.” Kisha akaenda kuuza ndagala zake.

Je, wimbo unaweza kurudishwa?

Ndugu msomaji, mtu akichukua mbuzi wako, unaweza kumpeleka kwa shefu wa kartiye, na mbuzi akirudi zizini, mambo yamekwisha. Wimbo hauko hivyo. Aliyeuchukua anao, na mwenyewe bado anao. Mtu wa haraka atasema: basi hakuna kilichopotea, mama analalamikia nini? Na wengine waliniambia hivyo katika chumba cha walimu. Waliongeza kwamba wimbo umetukuza jina la Uvira, na kwamba mila isiyotoka nyumbani inakufa.

Lakini kuna kitu kilichopotea, na nilichukua muda mrefu kukiona. Kilichopotea ni mahali pa ule wimbo. Ulikuwa na nyumba yake: mama mmoja, mtoto mmoja, usiku. Kisha mtoto alipokufa ulibaki kwa mama, ukawa kitu anachokigusa akiwa peke yake. Sasa unapigwa penye watu wanakunywa na kucheka. Haukuibwa kama mbuzi. Ulitolewa inje.

Wazee wetu walijua tofauti hii. Zilikuwako nyimbo za kila mtu: za kulima, za kuvuta nyavu, za arusi, na yeyote aliyezisikia aliweza kuziimba njiani. Zilikuwako nyimbo za jando, ambazo hazikuimbwa mbele ya asiye tayari. Zilikuwako za kilio, ambazo ukiziimba mchana bure, watu wanakuuliza: nani amekufa? Kwa hiyo mtu anayesema “mila ni yetu sote, kila kitu ni cha wote” hasemi mila yenyewe. Na mtu anayesema “mila ni siri, tusimwonyeshe mgeni kitu” naye hasemi mila. Mila ilijua kupanga: hiki ni cha uwanjani, hiki ni cha chumbani, na kila kimoja kina mtu wa kuombwa ruhusa.

Mwalimu mgeni si jambo jipya

Wengine wanadhani kwamba kuleta msanii kutoka mbali aje kufundisha ni jambo la wazungu na mashirika. Si hivyo. Tuangalie Babembe wa Fizi na ndugu zao Balega wa Mwenga na Pangi. Katika bwami, mtu hakupanda ngazi kwa kusikiliza maneno matupu. Alifundishwa kwa wimbo, kwa mchezo, kwa methali, na kwa vitu vya kuchongwa vya mti na vya pembe ya tembo, ambavyo leo vimejaa katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani. Walikuwako wakufunzi waliojua kufasiri vile vitu, nao waliitwa, wengine kutoka vijiji vya mbali, wakalipwa mali kwa kazi yao. Serikali ya Ubelgiji ilikataza bwami mwaka wa 1948, ikidhani ni chama cha kuipinga, kumbe ilikuwa inafunga shule.

Tunajifunza nini hapo? Kwanza, kwamba mkufunzi mgeni aliitwa na wenyeji. Hakujileta. Pili, alilipwa, na malipo yalijulikana. Tatu, alipoondoka, aliyefundishwa alibaki na kitu ambacho yeye mwenyewe angeweza kumfundisha mwingine. Na nne, lililo kubwa kwangu: mwanafunzi hakulazimika kumpa mwalimu siri ya nyumba yake ili kitu kizuri kionekane.

Mambo ya Kamina na ya Elisabethville

Katika nchi yetu wageni wa sanaa walikwisha kufanya kazi kubwa na wanafunzi, na matunda yake tunayajua. Nitachukua mifano miwili ya Katanga.

Huko Kamina, katika miaka ya 1950, Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, aliwakusanya watoto wa shule na baadhi ya walimu wao katika kwaya iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Hakuwalazimisha kuimba kama Wabelgiji. Maneno ya Misa ya Kilatini yaliingizwa katika mitindo ya kwao, pamoja na kasala, ambayo ni namna ya kuimba ya kilio, na ngoma zikaingia. Mwaka wa 1958 kwaya ilisafiri Ulaya, na mwaka uleule Missa Luba ikanaswa. Mwaka wa 1968 sehemu yake, Sanctus, ilisikika ndani ya filamu ya Uingereza iitwayo If...., na watu wengi wa mbali wakaijua Kongo kwa sauti za wale watoto.

Ni kazi nzuri, na mimi nikiisikia ninafurahi. Lakini uliza mtu yeyote: Missa Luba ni ya nani? Atakujibu: ya Padri Haazen. Ndiye aliyeandikwa kama mpangaji. Wale waliotoa mitindo, waliobuni sauti palepale wakiimba, wachache tu ndio wanatajwa. Simwiti padri mwizi. Ninasema tu kwamba watu wengi walipika, na jina moja ndilo lililobaki juu ya sahani.

Mfano wa pili ni wa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Baada ya vita ya pili ya dunia, Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, alifungua pale karakana ya wachoraji iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Hakutaka vijana waige michoro ya Ulaya. Aliwaambia wachore yale wanayoyaona wenyewe. Pilipili Mulongoy akachora samaki, ndege na mamba. Mwenze Kibwanga akapata namna yake ya mistari mifupimifupi. Bela akachora kwa ncha za vidole. Romain-Desfossés alikufa mwaka wa 1954, lakini wao waliendelea, na leo majina yao yanajulikana kuliko la mwalimu wao. Kila mmoja alitia jina lake chini ya mchoro wake.

Mtu anaweza kusema kwamba hata kule kukatazwa kuiga Ulaya kulikuwa bado ni amri ya mgeni: yeye ndiye aliyeamua nini ni cha Kiafrika na nini siyo. Ni kweli, na tusilisahau. Hata hivyo, ukilinganisha mifano hii miwili, unapata kipimo kimoja rahisi. Mgeni akiisha kuondoka, jina la nani linabaki juu ya kazi, na nani anaweza kuiendeleza bila yeye?

Tusimtupie mgeni kosa letu

Hapo mwanzo, baada ya mama yule kuniacha, hasira yangu ilikwenda kwa wale wageni. Niliwaandikia ujumbe mrefu. Mmoja alijibu kwa heshima. Aliuliza: je, mwalimu, wewe hukuwepo? Karatasi haikutiwa sahihi na shule? Mtoto hakuimba kwa hiari yake?

Nilikaa na ile simu mkononi. Alisema kweli. Hakujua lugha ya ule wimbo, hakujua habari ya mdogo wake, hakusikia lile neno “hii ni ya mama”. Mimi nililisikia. Mgeni alipewa sahani, akala. Hakuchungulia jikoni kuona imetoka wapi, na pengine alipaswa kuuliza. Lakini aliyeiweka mezani ni mimi. Nilimkaribisha mgeni kwa chakula cha mtu mwingine, nikajiita mkarimu.

Hili ndilo neno ninalotaka kuliweka mbele yenu. Ukarimu ni kutoa kilicho chako. Anayetoa cha jirani ili mgeni amsifu si mkarimu, hata akipigiwa makofi.

Na tabia hii sisi tumeizoea tangu zamani. Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ya Zaire. Baada ya mwaka wa 1971, nchi ilipobadilishwa jina na siasa ya otantisite ikashika nguvu, nyimbo na michezo yetu vilikusanywa katika ile tuliyoita animasyo. Shuleni tuliimba na kucheza kumsifu Kiongozi. Mkubwa wa Chama akifika, masomo yanasimama, watoto wanapangwa kando ya barabara juani, saa tatu, saa ine. Nani aliulizwa kama anataka? Nyimbo za babu zetu zilichukuliwa, maneno yakabadilishwa, jina la mtu mmoja likaingizwa penye jina la babu. Hakuna mgeni aliyetufanyia hivyo. Tulifanyiana wenyewe. Tangu Aprili 1990, Chama kilipopoteza kiti chake cha peke yake, animasyo imekwisha, lakini ile desturi ya kumtoa mtoto aimbe mbele ya kila anayeshuka kwenye gari haijakwisha. Leo mkubwa wa Chama hayuko, yuko mfadhili.

Ndiyo sababu swali la mama lilinichoma: mtoto angeweza kukatala mbele ya mwalimu wake? “Ndiyo” ya mtu asiyeweza kusema “hapana” si ruhusa. Ni utii. Na sisi walimu tunafurahia utii, tunauhesabu kama ruhusa.

Je, basi tufunge mlango?

Hapana. Ningependa mtu asinisome vibaya. Katika zile siku nane nilimwona kijana mwenye kigugumizi, ambaye kwa miaka miwili sikumsikia akimaliza sentensi darasani, akisimama na kuimba ubeti mzima bila kukwama. Mpaka leo anaongea vizuri zaidi. Mimi mwalimu wake nilishindwa, mgeni akaweza. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kijana yule alipona kidogo, na mimi nilipona kiburi.

Na kufunga mlango pia kuna hasara zake. Tutazame ng'ambo ya Ruzizi, kwa jirani zetu wa Burundi. Ngoma zao za kifalme ziliandikwa na UNESCO mwaka wa 2014 katika urithi wa dunia nzima. Oktoba 2017 ikatoka amri ya rais inayowakataza wanawake kuzipiga, na kutaka maonyesho yaombewe ruhusa na kulipiwa franga kwa serikali. Waliotetea walisema ni kulinda heshima ya ngoma. Sina kazi ya kuhukumu nyumba ya jirani. Lakini mimi ninaona kwamba ngoma ikiwekewa ufunguo, na ufunguo ukashikwa na mtu wa biro, mtoto wa shule anaisikia kwa mbali tu. Kulinda kitu siyo kukifungia sanduku. Mama yangu wa ule wimbo hakuomba sheria. Aliomba kuulizwa.

Mzee anayekaa nyuma ya shule

Kuna jambo lingine ambalo halinipi amani. Nyuma ya ile shule, mwendo wa dakika tano, anakaa mzee mpiga ngoma. Anajua midundo ya arusi, ya kilio, ya mavuno, na hadithi ya kila mmoja. Kwa miaka yote niliyofundisha pale hatukumwita hata siku moja. Mgeni kutoka mbali tulimtafutia nyumba ya wageni, maji ya chupa, mkutano na wakubwa. Mzee huyu, tungemwita, tungempa soda na kumwambia asante sana.

Ndugu zetu wa Tanzania walifanya vizuri kuliko sisi. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka wa 1981 na ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, kilimpa kazi ya kufundisha Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, fundi wa ilimba na zeze. Ujuzi wake ulitoka nyumbani, kwa wazee wake. Alifundisha vijana, alisafiri dunia nzima, na alipokufa mwisho wa mwaka 2003 familia yake na wanafunzi wake waliendelea kupiga. Mtu wa kijiji aliheshimiwa kama mwalimu, siyo kama pambo la sherehe.

Sisemi kila mpiga ngoma wa kartiye ni Zawose. Ninasema haki inataka kipimo kimoja. Ikiwa kazi ya mgeni siku nane inastahili malipo, kazi ya mzee wetu inastahili pia. Vinginevyo tunawafundisha watoto somo ambalo haliko ubaoni: ya kwamba kitu kinapata thamani kikitoka mbali.

Na hapa Uvira lazima tuongeze uangalifu. Katika darasa moja wanakaa watoto wa Bavira, Bafuliiru, Babembe, Barundi wa bonde la Ruzizi, Banyamulenge, Banyindu, Bashi, Balega na wengine. Vita zilizoanza mwaka wa 1996 zilipita katika familia zote hizo, na kila nyumba ina wafu wake. Mgeni asiyejua anaweza kuchukua mchezo wa kabila moja, akauita “mila ya Uvira”, akawavalisha watoto wote. Anadhani anatupatanisha. Kumbe kuna mtoto pale anayejiuliza: na ya kwetu, je, haihesabiwi? Wimbo unaweza kukalisha watu pamoja, lakini tulikwisha kuona pia wimbo ukichonganisha. Ni mwenyeji anayejua jambo hilo, siyo mgeni. Kwa hiyo ni mwenyeji anayepaswa kusema mapema.

Maswali matatu kabla ya ngoma

Kwa hayo yote, ninapendekeza kwa shule zetu, kwa komite za wazazi na kwa chama chetu hiki maswali matatu, ya kuulizwa kabla mgeni hajafungua mkoba wake.

La kwanza: kitu hiki ni cha nani? Mtoto akileta wimbo, hadithi ao mchoro wa nyumbani, mtu mmoja aende nyumbani kuuliza. Si karatasi ya prefe tu. Hapa mjini kutoka shule mpaka nyumba ya mwanafunzi ni mwendo wa miguu. Mimi ningefika kwa yule mama kwa dakika kumi na tano.

La pili: nani anaweza kusema hapana, na akisema, atapatwa na nini? Mtoto aambiwe mbele ya wote kwamba anaweza kushiriki bila kutoa mambo ya nyumba yake. Mateso ya mtoto si mali ya kuombea msaada. Akitaka kuyaimba siku moja, atayaimba mwenyewe, akiwa amechagua saa na watu.

La tatu: mgeni akienda, nini kinabaki? Hapa ndipo jembe la siku ya tatu linapoingia. Mgeni afanye kazi pamoja na mwalimu wa hapa na mzee wa hapa, ili wao waendelee. Majina ya watoto yaandikwe juu ya kazi yao. Nakala ya sauti ao ya picha ibaki shuleni. Na kama kazi italeta franga, ijulikane tangu mwanzo zinakwenda wapi.

Mtu atasema: ukiweka masharti mengi hivi, wageni hawatakuja. Mimi ninajibu: yule anayekataa kuulizwa maswali matatu hakuja kutuona sisi. Na yule mwema atashukuru, kwa sababu hakuna mtu mwema anayependa kugundua baadaye kwamba alikula sahani ya mtoto.

Mwisho wa habari

Mtauliza wimbo ulifikia wapi. Yule mwanamuziki aliniandikia tena. Alisema ameuondoa katika kazi zake na hataupiga tena. Ninamsadiki. Lakini simu za mji hazina mwenyewe, na mpaka leo wimbo unasikika mara moja moja. Haukurudi.

Nilikwenda kwa mama, mimi mwenyewe, bila prefe na bila karatasi. Nilimwambia kwamba mgeni hana kosa kubwa, kosa ni langu, kwamba binti yake alisema “hii ni ya mama” na mimi sikusikiliza. Alinyamaza sana. Kisha akamwita binti, akamwambia: “Kumbe ulisema.” Mpaka siku ile alikuwa akidhani mtoto wake ameutoa wimbo kwa furaha tu, na walikuwa hawaongei vizuri nyumbani. Binti alilia. Mama hakuniambia amenisamehe, nami sikuuliza.

Mwaka uliofuata mwalimu mwingine wa sanaa alikuja. Kabla ya kuanza, nilizunguka nyumba za wanafunzi. Wazazi watatu walikataa baadhi ya mambo, wengine waliongeza mambo ambayo watoto hawakuyajua. Mzee wa nyuma ya shule alikuja na ngoma yake, akalipwa sawasawa na mgeni kwa kila siku ya kazi. Onyesho halikuwa zuri kama la kwanza, lazima niseme hivyo. Lakini mzee bado anakuja kila Alhamisi, na watoto sita wamekwisha kujua mdundo wa mavuno.

Yule msichana alikuja siku ya kwanza, akakaa nyuma. Nikamwuliza kama anataka kuimba. Akasema: “Hapana, mwalimu. Nitapiga tu ngoma.” Nikampa ngoma.